Upote

Upinde na upote wake
vilitoka shina moja la mwanzi, nyuma ya jiko letu,
asubuhi ambayo mvua ilisita kidogo
kama mgeni anayetafuta viatu vyake.
Mjomba Kordor alilipasua kwa panga.
Ubavu mnene ukawa upinde, akapewa kaka yangu.
Gamba jembamba la nje, lenye kijani kisichotaka kufa,
akanitupia mimi: "Haya, Ibansara. Pota. Na usipotee."

Nikapota.
Siku tisa kando ya moshi wa msonobari,
uzi juu ya paja, kiganja kikienda, kikirudi,
hata paja likaota sugu
na mama akasema hakuna mume atakayelipenda.
(Hajatokea wa kulipenda. Wala wa kulikataa.)

Kwetu kitindamimba wa kike ndiye hurithi nyumba:
bati linalovuja, deni la dukani,
na wazee wa kuuguza.
Wa kiume hupewa upinde siku anapopewa jina,
na mishale mitatu: wa nafsi yake, wa ukoo, wa nchi.
Upote haumo katika hesabu hiyo.
Niliuliza nikiwa na miaka sita.
Nikapewa popoo nitafune, ninyamaze.

Sasa Shanbor hulenga shabaha uwanjani Shillong,
saa kumi alasiri, amechutama safuni
na wanaume wenye kofia za sufu,
na mji mzima umeshika pumzi,
maana mishale iliyochoma furushi la nyasi huhesabiwa,
na tarakimu mbili za mwisho ndizo bahati ya siku.
Watu huota, huamka, huzichezea kamari ndoto zao.
Aliyeota samaki ana namba yake,
aliyeota maiti ana yake.
Mama Thrinola wa kibanda cha chai
aliota jino linang'oka bila damu,
akaweka ada ya shule ya mjukuu wake
kwenye arobaini na nane.

Hakuna anayeota uzi.

Jumanne ile nilikuwepo,
mwavuli wangu umevunjika mbavu mbili.
Shanbor akavuta, akaachia, akavuta.
Mimi upote wangu naujua kwa sauti:
ng'we, mkavu. Ng'we, mkavu.
Kisha mlio mmoja wenye unyevu,
kama mtu aliyeitwa akasita kuitika.
Mahali pale. Kiungo kile.
Nilikipota usiku, homa ya mama imepanda, umeme umekatika,
nikajiambia: kitashika tu.

Hakikushika.
Upote ukakatika, ukamchapa shavu,
na mshale ukaenda hatua nne, ukalala matopeni.
Wakachomoa, wakahesabu mbele ya watu wote,
kumi kumi, polepole, kama wanaoosha wali:
mia saba arobaini na saba.

Kibandani, Mama Thrinola alikunja tiketi
mara mbili, mara nne,
akaisukuma chini ya mguu wa meza inayoyumba.
Meza ikatulia.
"Mvua gani hii," akasema, akanimiminia chai,
akakataa pesa yangu.
Nilitaka kunena. Neno likavutika,
likavutika hadi sikioni,
sikuliachia.

Shanbor alirudi na mstari mwekundu shavuni,
umenyooka kuliko mistari yote niliyowahi kuandika,
na watu njiani walikuwa wameusoma.
Hakunilaumu. Aliweka mwanzi mpya mlangoni,
akaenda kulala.

Usiku huu mvua inapiga bati, taa ninayo,
mama amepumua vizuri tangu magharibi.
Kesho nitapeleka mzigo wa kuni kibandani.
Sitasema ni za nini.
Ninapota. Kiungo hiki nimekirudia mara tatu:
ya kwanza kwa nafsi yangu,
ya pili kwa ukoo,
na ya tatu, nchi inisamehe,
kwa mtoto mmoja nisiyemjua sura,
aliyerudishwa nyumbani leo
na barua ya ada mfukoni.